Blanko Juu ya Jina

Sijawahi kuwaheshimu walimu wanaofundisha kwa simu. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji ajue ameketi na mtu wa namna gani. Nimefundisha Kiswahili hapa Rumonge kwa miaka mingi kuliko ninayopenda kuitaja, na katika miaka hiyo nimewaona wenzangu wakiacha kusoma vitabu, kisha wakiacha kuandaa masomo, na mwisho wakiacha hata kusoma kile walichokichota mtandaoni kabla ya kukipeleka darasani.

Vitabu vya Kiswahili ni haba kwetu. Hilo si siri wala si kosa la mwalimu. Kitabu kimoja huzunguka darasa zima mpaka kurasa za katikati zinapotea, na hadithi inabaki na kichwa na miguu bila tumbo. Basi mtandao ulipotufikia watu walishangilia. Mtu ananunua mega zake za intaneti asubuhi, anaandika "somo la ufahamu" kwenye simu, anachukua la kwanza linalotokea, liwe la Mombasa au la mwezini, na kengele ya pili ikilia tayari liko ubaoni.

Bingwa wao alikuwa mwenzangu wa darasa la jirani, mwanamume wa mashati yaliyopigwa pasi vizuri na kichwa ambacho hakijawahi kupigwa chochote. Huyo ndiye aliyewaandikia watoto wetu kwamba wavuvi hungoja maji yajae na kupwa, mara mbili kwa siku, ndipo waingie kazini. Watoto hao wamezaliwa ufukweni. Ziwa letu halijai wala halipwi hivyo. Mwaka wa mvua kubwa linapanda, linaingia nyumbani mwa watu, na likishaingia linakaa humo kama mgeni asiye na nauli ya kurudi. Watoto walinakili kimya, maana wamefundishwa kwamba cha ubaoni ni kweli na cha mlangoni kwao ni uzushi. Nilimfuata baada ya kipindi nikamuuliza ile bahari ameitoa wapi.

"Nimeikuta hivyo, Madamu. Iko kwenye programu ya masomo."

"Programu ya nani?"

"Ya Kiswahili."

Nilimwacha. Asiyejua maana haambiwi maana.

Kilichonichefua zaidi ya ujinga kilikuwa wizi. Nyuma ya soko iko nyumba ndogo ya fotokopi ambayo sote tunaiita sekretaria. Kurasa nyingi zinazochotwa mtandaoni huwa na maandishi madogo chini kabisa: jina la mwandishi, na onyo kwamba haki zote zimehifadhiwa, mtu asinakili bila idhini. Mama mwenye mashine ana kichupa cha blanko, ile rangi nyeupe ya kufutia makosa ya kalamu, pamoja na kiburashi chake. Mwalimu akileta ukurasa, mama hamuulizi neno. Anapaka blanko juu ya jina, anapaka juu ya onyo, anapuliza mpaka ikauke, kisha mwalimu anaandika jina lake mwenyewe papo hapo. Ukurasa unaingia kwenye mashine na kutokea upande wa pili ukiwa na baba mpya.

"Na mwenyewe akija kuona?" nilimuuliza yule mama siku moja.

"Ataonea wapi, Madamu? Yeye iko kwao."

Walimu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika matayarisho yangu ya mkono, yaliyoandikwa na mtu aliyekaa chini akafikiri, nikawatazama mmoja mmoja kwa dharau ambayo sikujishughulisha kuificha.

Maana mimi nilikuwa na insha ya ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Ilikuwa ukurasa mmoja tu. Inaeleza jinsi mama mmoja wa hapa Rumonge anavyoanika ndagala mchangani, anavyowageuza, anavyolisikiliza wingu kabla hajaliona. Katikati kuna maneno ambayo kila darasa likiyasikia linatulia: "Mvua ikija, mama hakimbii kuficha kichwa chake. Anakimbia kuficha samaki wake. Kichwa kitakauka chenyewe." Kila mwaka niliisoma kwa sauti kama mfano wa insha, halafu nikawaandikisha. Walimu wa Kigwena waliiomba, wa Muhuta wakaiomba. Nikaipiga picha nikaiweka kwenye kundi letu la walimu kwenye simu, na pongezi zikamiminika siku nzima. Niliziona zote, moja moja, na nyingine nilizirudia.

Mwandiko wa ukurasa ule haukuwa wangu na hakuna aliyeshangaa. Mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino, na kwetu kila mwalimu ana mwanafunzi mwenye mkono mzuri wa kumwandikia ubaoni na kwenye karatasi. Jina lilikuwa langu, kwenye pembe ya juu. Hilo lilitosha.

Siku moja yule mwenzangu wa mashati alikuja kuazima kwangu karatasi yenyewe, orijinali, akidai kwamba picha ya kwenye simu inatoka na ukungu akiipeleka fotokopi. Nilimpa. Hata mtu unayemdharau anaweza kuwa na ladha nzuri mara moja. Wiki zikapita bila kuirudisha. Kila nikimkumbusha, alijipapasa mifuko kama mtu anayetafuta funguo.

Wakati huohuo inspekta wetu alirudi kutoka kwenye semina Bujumbura akiwa na jambo jipya mdomoni: haki ya mwandishi. Alitangaza kwamba kutatengenezwa kitabu kimoja cha masomo ya Kiswahili kwa shule zote za ukanda wetu wa ziwa, na kwamba kila mwalimu alete somo moja alilolitunga mwenyewe, kwa kichwa chake, na jina lake litachapwa juu ya ukurasa. Niseme kweli, nililitaka lile jina. Sina mtoto aliyesoma mbali, sina nyumba ya ghorofa, na baada ya miaka yote ile ya chaki nilitaka pawe na ukurasa mmoja duniani wenye jina langu. Nilimfuata mwenzangu nikamwambia anirudishie karatasi yangu siku ya mkutano, bila kukosa.

Mkutano ulifanyika asubuhi, shuleni kwetu, kwenye chumba cha walimu. Tulikuwa kama kumi hivi. Inspekta alianza kwa kutugawia karatasi ya mafundisho kuhusu haki ya mwandishi, na akatusomea kwa sauti ya hotuba kwamba kazi ya mtu ni mali yake, na kuichukua bila ruhusa ni sawa na kuingia nyumbani mwake na kubeba kiti. Nikaitazama karatasi yenyewe. Chini yake palikuwa na kivuli chembamba, kama ukingo wa dirisha. Aliyezoea fotokopi hadanganyiki: ni alama inayoachwa na blanko. Hata hotuba ya kukataza wizi ilikuwa ya wizi, na jina la aliyeiandika limelala chini ya rangi nyeupe. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Akaanza kupokea masomo na kuyasoma mbele yetu, kichwa cha somo na jina. Mmoja alileta habari za theluji. Mwingine alileta barua ya kuomba kazi kwenye bandari ya mji ambao yeye mwenyewe hajawahi kuukanyaga. Halafu inspekta akainua karatasi moja ambayo ningeitambua hata gizani, akasema, "Hii ni nzuri sana. Insha ya ndagala." Na akasoma jina la mwenzangu wa mashati.

Nilisimama kabla sijaamua kusimama.

"Mheshimiwa inspekta, hiyo ni yangu."

Mwenzangu hata hakugeuka. "Madamu, hii nimeitoa kwenye intaneti. Imeshapita kwenye simu za watu kila pahali. Kitu kikiwa kwenye intaneti, iko ya watu wote."

"Kama ni ya watu wote, jina lako linafanya nini pale?"

Watu walicheka, na kicheko kile kilinipa nguvu kuliko ilivyofaa. Nikamwambia kwamba yeye ni mwizi asiye na hata akili ya mwizi. Wenziwe wanawaibia watu wa Mombasa na Unguja ambao hawatakutana nao sokoni. Yeye anamwibia mtu wa ukuta wa pili. Nikamwambia kwamba mtu aliyeleta bahari Rumonge hawezi kuwa ndiye aliyeandika kuhusu mama anayekimbilia samaki wake, kwa sababu kuandika vile kunataka macho, na yeye ana simu tu. Niliyasema haya kwa raha. Nakumbuka raha ile vizuri.

"Kwangua hapo kwenye pembe," nilimwambia inspekta. "Ni blanko. Kwangua utaniona."

Inspekta alikuwa na wembe kwenye pochi ya kalamu, wa kuchongea penseli. Akaiweka karatasi dirishani penye mwanga, akainama, akaanza kukwangua taratibu. Jina la mwenzangu likadondoka vipandevipande. Chini yake likatokea langu. Mwalimu mmoja wa Kigwena akapiga makofi. Direkteri, mkuu wa shule yetu, akatikisa kichwa kwa huzuni akimtazama mwenzangu, naye mwenzangu alikuwa akiyatazama viatu vyake. Mimi nilikwisha kuanza kutengeneza uso wa kusamehe.

Lakini inspekta hakuacha. Labda utamu wa kazi ulimshika, labda aliona jambo. Jina langu nalo lilikuwa limekaa juu ya weupe. Akapitisha wembe tena, jina langu likatoka kama ukoga, na chini yake, kwa wino wa bluu, likatokea jina la tatu, la msichana, na pembeni yake: darasa la nane B.

"Madamu," inspekta alisema, "na huyu ni nani?"

Ningependa kusema kwamba nilikuwa nimesahau. Sikusahau. Nilikuwa nimezoea, na kuzoea ni kubaya kuliko kusahau. Kwa hiyo mdomo wangu ulikuwa na jibu tayari.

"Ni mtoto aliyekuwa ananiandikia. Mnajua mwandiko wangu."

Ilikuwa karibu kupita. Wote walijua mwandiko wangu. Lakini mwenzangu wa mashati, mwanamume ambaye nilikuwa nimeapa kwamba hana macho, aliinua kichwa.

"Mutoto anayemuandikia mwalimu haandike jina yake na darasa yake pale juu," alisema polepole. "Anaandika vile kwa kazi ya kupewa pointi. Hii ni kazi ya mwanafunzi, Madamu. Hii ni insha ya mutoto."

Hakuna aliyecheka. Ningependelea wacheke. Nilitazama nje ya dirisha. Nyani haoni kundule. Methali hiyo nimeifundisha kila mwaka, na kila mwaka nikatoa mfano wa watu wengine.

Inspekta, ambaye hotuba yake ilikuwa na kivuli cha blanko chini, alituhukumu kwa heshima zote. Kwamba insha ni nzuri na angeitaka kitabuni. Kwamba niende nikamtafute mwenyewe, nilete ruhusa yake ya maandishi ndani ya wiki moja, ama sivyo ukurasa utoke. Halafu akaendelea na waliobaki, wala hakukwangua karatasi nyingine yoyote. Theluji ilipita. Barua ya bandari ilipita.

Nilimtafuta kwanza ufukweni, pale mama yake alipokuwa akianika. Pale pamekuwa maji sasa; ziwa limepameza pamoja na vibanda. Wanawake walioanika pembeni yake wamehamia juu kidogo, na hao ndio walioniambia kwamba mama amefariki na binti ameolewa Minago. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria. Njia nzima nilijipangia maneno, na mengi yalikuwa ya kujitetea: kwamba insha bila masahihisho yangu isingekuwa chochote, kwamba nimeisomesha miaka yote hiyo, kwamba mimi ndiye niliyeifanya ijulikane kutoka Muhuta mpaka Kigwena. Mwizi yeyote wa kiti angeweza kusema hivyohivyo: nimekikalia, nimekifuta vumbi.

Nilimkuta anachemsha ngazi za mawese, matunda ya michikichi, kwenye pipa, mikono imekuwa ya rangi ya machungwa mpaka kwenye viwiko. Alinitambua mara moja.

"Madamu! Amahoro."

"Amahoro, mwanangu."

Aliniletea kigoda, akakipangusa kwanza kwa pindo la kitenge, kwa heshima ambayo ilinichoma. Nikamweleza yote. Sikuficha blanko, sikuficha uongo wa chumba cha walimu. Nilimwonyesha karatasi yenyewe, niliyopewa na inspekta niende nayo. Hakuishika, kwa sababu ya mafuta mikononi. Aliinama akaisoma pale nilipoishikilia, midomo ikicheza, mpaka mwisho.

"Ile ya ndagala," alisema. "Ile ulinipatiaka sita."

Sikumwelewa.

"Sita juu ya ishirini. Nilikuwa nimeandika vile tunasemaka hapa kwetu. Ukaandika na bic nyekundu: hiki si Kiswahili. Ukasema niirudilie kwa usafi, na masahihisho yako yote. Nikairudilia, nikaiweka kwenye meza yako. Hii ndiyo ile ya usafi."

Aliyasema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. Nami nikaikumbuka ile kalamu nyekundu. Sikuikumbuka siku yenyewe, maana maneno yale niliyaandika kwenye madaftari mengi. Nilikuwa nimempa mtoto sita, kisha nikachukua kazi yake nikaenda kujipa sifa.

"Mbona hukuniambia kitu? Mbona uliacha shule?"

"Baba aliona ile sita. Akasema, mutoto wa sita anasomea nini? Abaki asaidie mama yake na ndagala. Mwaka ilipoisha sikurudi."

Nilijua kwamba hakurudi. Mwaka uliofuata nilimwona hayupo, na nilichofanya ni kutafuta mtoto mwingine mwenye mwandiko mzuri. Nimewadharau watu wengi maishani, na wengine walistahili, lakini pale kwenye kigoda sikumjua hata mmoja aliyestahili dharau kuliko mwanamke aliyekikalia.

Nilimwomba msamaha. Alisema hapana shida, kama watu wanavyosema. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akajifuta, akachukua kalamu yangu na kuandika ruhusa niliyomwomba: kwamba insha ni yake na iwekwe kitabuni kwa jina lake. Aliandika polepole, akiwa amebana ulimi kwenye pembe ya mdomo, na mwandiko ulikuwa uleule, umesimama wima, safi. Akanipa karatasi.

"Sasa Madamu, kwenye kitabu, imepata ngapi?"

"Ishirini," nilisema. "Imepata ishirini, mwanangu."

Alinitazama kama anayepima iwapo naweza kuaminiwa. Kisha akazichochea kuni chini ya pipa, akafunga kitenge chake vizuri.

"Basi uje umuambie baba," alisema. "Anakaa kwangu sasa. Iko kule nyuma, anapasua kokwa."

Karatasi ya ruhusa nilikuwa nayo mkononi, na dereva wa moto alikuwa bado barabarani akinisubiri. Nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba, nikamfuata.